Hakimu na Mabuti ya Marehemu

Ukimuuliza Hakimu ni saa ngapi, alitazama saa yake, akakujibu, mkaachana salama. Ukimuuliza wizi ni nini, basi ujue umeipoteza jioni yako. Aliweka kikombe chini, akakunjua mkono wa kulia mbele ya uso wako na kuanza na kidole gumba. Kuchukua. Mali. Ya mtu mwingine. Kwa hila. Halafu kidole kidogo, ambacho alikishika kwa mkono wa pili na kukitikisa: kwa nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. "Vitano," alisema. "Kikikosekana kimoja, huyo si mwizi. Mtafutieni jina lingine." Kisha aliomba aongezewe sukari.

Vidole hivyo alivitoa Uingereza, alikosomea sheria akiwa kijana, na alivitumia miaka yote aliyokaa kwenye kiti cha hukumu huko nyumbani Tanzania. Hapa Carrollton, Texas, hakuwa na kiti. Alikuwa baba wa nesi wa fleti ya juu yangu, mzee mwenye chumba cha nyuma kilichojaa mabegi ya wajukuu, na mikono iliyozoea kugonga meza ikakosa meza ya kugonga. Hakuendesha gari, na kwetu Texas mtu asiyeendesha gari ni mfungwa wa heshima. Kwa hiyo Jumamosi, nikitoka zamu ya hospitali, nilimpeleka alikotaka. Ndivyo nilivyomjua, tangu mwaka 2017 hadi mambo yalipofungwa na korona.

Alivaa tai hata kwenda kununua vitunguu. Wajukuu walimwona kichekesho. Aliwaamuru kwa Kiswahili cha mahakamani, "Kijana, eleza kwa nini hujala," nao walimjibu "I'm not hungry, Babu," wakarudi kwenye simu zao. Hakuwagombeza. Aliniambia mimi pembeni kwamba shahidi akijibu kwa lugha nyingine, unatafuta mkalimani, humpigi. Lakini mimi nilijua linamuuma.

Dukani alikuwa balaa. Siku moja mama mmoja alikuwa anachuma zabibu kwenye mfuko na kuzitia mdomoni, moja, nyingine, nyingine tena, huku anasukuma toroli taratibu. Hakimu alimfuata mpaka kwenye mikate. Nikamvuta koti.

"Hakimu, twende. Watadhani wewe ndiye mwizi."

"Nachunguza hila, binti. Mengine yote yametimia. Zabibu haziwezi kurudi."

"Si anaonja tu?"

"Muonjaji huonja moja. Huyu anakula chakula cha mchana."

Lakini huyo huyo aliyemhukumu mama wa watu kwa zabibu, tukiingia kula baga alitoka na mifuko ya koti imejaa pakiti za sukari, chumvi na tomato. Chumba chake kilikuwa na sanduku zima la pakiti hizo. Nilimshtaki papo hapo, tukiwa bado kwenye maegesho. Alifurahi kama mtoto aliyeletewa zawadi.

"Mwenye mkahawa angejua, angekubali?" aliniuliza.

"Angekubali pakiti mbili, Hakimu. Siyo mfuko mzima."

"Ahaa. Lakini mimi naamini kwa moyo mweupe kwamba angekubali mfuko mzima. Mtu akiamini kweli kwamba mwenyewe angeridhia, hila hakuna. Hata kama imani yake ni ya kijinga."

"Yako ni ya kijinga."

"Iandike hivyo. Niachie huru."

Nilicheka mpaka nikashindwa kuingiza funguo. Sikujua kwamba maneno yale yale nitakuja kuyasikia tena akiyasema bila mzaha wowote, kwenye korido ya korti, kwa mtu asiyetaka kumsikiliza.

Kuna neno moja alilichukia kuliko tusi: yaishe. Sisi ni watu wa yaishe. Mtu akikulaumu, hata kama huna kosa, unasema nimekosa, nisamehe, yaishe, ili mnywe chai. Hakimu alisema neno hilo limejaza magereza ya nyumbani. Mtu anasomewa shtaka, anaulizwa kama ni kweli, anajibu ni kweli. Kweli nini? Kweli alichukua baiskeli. Hajaulizwa alidhani ni ya nani, hajaulizwa kama alikuwa anairudisha jioni. Lakini ameshasema ni kweli, na karani ameshafunga mdomo wa kalamu. "Mtu wetu akisema ni kweli hajakiri," alisema. "Amechoka kusimama." Alipokuwa anaeleza haya hakunyoosha kidole hata kimoja. Alitazama dirishani, na sikumuuliza ni wangapi wa aina hiyo waliopita mbele yake.

Sasa nimlete Mtani.

Hakimu alikuwa Mnyamwezi. Mtani alikuwa Mzaramo, dereva wa teksi za kuita kwa simu, mkazi wa Cedar Hill, na kati ya makabila hayo mawili kuna utani wa tangu enzi za misafara, ambao hauna adabu na haupaswi kuwa nayo. Mtani alikuwa mdogo kwa Hakimu kwa miaka mingi, lakini akifungua mlango tu alianza: "Mpagazi! Mzigo wangu umeutua wapi?" Naye Hakimu, mtu wa tai, ambaye mawakili walisimama kila alipoingia, alijibu: "Wewe Mzaramo, umekwisha kuuza kiwanja cha bibi yako ukachezee ngoma?" Wakatukanana nusu saa, mama zao na babu zao wakapata haki yao, kisha wakakumbatiana. Binti yake aliniambia kwamba siku Mtani akija, baba yake analala vizuri. Niliamini, maana nilimwona. Uso wake ulikuwa unafunguka kwa Mtani namna usivyofunguka kwa mtu mwingine yeyote Marekani, mimi nikiwemo.

Marehemu mwenye mabuti alikuwa Mnyamwezi mwenzake Hakimu, aliyefiwa na mkewe, naye wa Cedar Hill. Alikuwa amependa Texas kupita kiasi. Alinunua mabuti ya kikauboi ya ngozi ya mbuni, ya bei kali, akayavaa kanisani, harusini na kwenye baraza lake mwenyewe. Alipofariki tulijaa kwake, wanawake tukapika pilau gereji, wanaume wakakaa sebuleni. Mwanawe wa pekee, mtu mzima mwenye kazi nzuri ya ofisi Houston, aliyezaliwa na kukulia huku, alikuwa jikoni na simu, anaongea na watu wa mazishi.

Jioni Mtani aliingia. Aliingia kwa kilio cha kuigiza cha kutingisha nyumba: "Mpagazi wangu amekufa kabla hajanifikisha pwani! Sasa nani atanibebea?" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi bado yanawatoka, na kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo. Akaingia chumbani, akatoka amevaa mabuti ya marehemu, akatembea sebuleni kama marehemu hasa, tumbo mbele, kidole kwenye mkanda. Tulikufa kwa kicheko. Hakimu alifuta macho kwa tai. Kisha Mtani akatangaza kwamba mabuti ameyateka, na Wanyamwezi wakiyataka waje kwake asubuhi kuyakomboa kwa jogoo.

"Jogoo Texas nitamtoa wapi?" Hakimu aliuliza.

"Hata wa ndoo. Wa kukaangwa. Ila nisile baridi."

Akatoka na mabuti miguuni, huku kila mtu anamshangilia. Ndiyo desturi. Mtani anachukua, wafiwa wanakomboa, na kitu kinarudi. Nyumbani hata mtoto mdogo anajua hivyo.

Mtoto wa marehemu hakujua. Alikuwa jikoni, alisikia watu wakicheka kwenye msiba wa baba yake, akaona aibu, akafunga mlango. Asubuhi, sisi wote tukiwa tumerudi makwetu kulala, akaenda kabatini. Baba yake alikuwa amemwomba jambo moja tu: azikwe na mabuti yale. Watu wa mazishi walikuwa wanayasubiri. Kabati lilikuwa tupu. Jirani akamwambia aliona yule dereva wa teksi akitoka nayo jana, anacheza. Akapiga simu polisi, na mimi simlaumu, ningekuwa yeye ningepiga.

Saa hiyo mimi na Hakimu tulikuwa kwenye foleni ya kuku wa kukaanga. Ameshachagua ndoo kubwa. Simu ikalia, ilikuwa mke wa Mtani, anapiga kelele.

Polisi walipogonga, Mtani alidhani ni sisi. Alifungua mlango amevaa mabuti, anacheka, kikombe mkononi. Alipoona sare alifanya alichofundishwa na mama yake tangu utotoni. Aliinamisha kichwa. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba ni kweli ameyachukua, amekosa, anaomba radhi, waiambie familia imsamehe, yaishe. Yote hayo yakaingia kwenye kamera ya kifuani mwa polisi. Mabuti yakachukuliwa kuwa kielelezo. Marehemu akazikwa na viatu vyeusi vya kununua haraka, na mwanawe alisimama pembeni mwa kaburi akitazama tu upande wa miguuni wa jeneza.

Hakimu alimwendea mtoto huyo siku chache baadaye. Nilimpeleka mimi. Alimweleza utani kuanzia mwanzo, kwa Kiingereza chake cha Uingereza kilichonyooka, na kijana yule alisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso.

"So it was a joke," alisema. "Everybody was in on it but me."

"It was your father's joke," Hakimu alimwambia. "Ilikuwa mali yako pia. Hatukukupa."

Kijana alikwenda mwenyewe kutaka kesi ifutwe. Akaambiwa mlalamikaji sasa ni Jimbo la Texas, siyo yeye.

Kilichokuwa hatarini kilikuwa wazi kwa Hakimu kuliko kwa Mtani mwenyewe. Mtani hakuwa raia. Alikuwa na green card, kibali cha kuishi ambacho mgeni aliyekiri wizi anaweza kunyang'anywa, na mke na watoto wawili wa shule. Wakili aliyepewa na korti alimwambia akubali kosa, hatafungwa, atakaa muda bila kuleta matata, basi. Hakumuuliza juu ya uhamiaji, na Mtani, kwa aibu, hakutaja. Hakimu alimkuta wakili huyo kwenye korido, ana mafaili kwapani. Akanyoosha mkono wake, akahesabu. Akafika cha nne na cha tano, akavishika: huyu aliamini wafiwa wameridhia, maana walikuwa wanacheka mbele yake, huyu alikuwa anangoja yakombolewe asubuhi ile ile. Wakili hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza kidogo, akatazama saa.

"Sir, are you licensed in Texas?"

Hakimu alisema hapana. Wakili akamwambia asante, akaingia ndani. Hakimu alibaki amesimama na mkono wake hewani, akaurudisha mfukoni polepole. Nilitamani kumpiga mtu.

Alimfuata Mtani kwenye benchi. Hakumwita Mzaramo siku hiyo. "Nisikilize, mdogo wangu. Usikubali. Ukikubali, jina la mwizi litakufuata. Sema ulichukua. Usiseme uliiba."

Mtani alikuwa anamtazama mtoto wa marehemu, aliyekaa upande wa pili peke yake. "Hakimu," alisema, "yule mtoto kamzika babake na viatu vya dukani kwa sababu yangu. Leo nisimame mbele yake nibishanie vidole? Nitamwangaliaje? Nimekosa mimi. Yaishe."

Akaitwa, akakubali. Hakimu alikuwa amekaa karibu yangu kwenye viti vya watazamaji, kwenye chumba ambacho kingekuwa chake kama dunia ingezunguka vinginevyo, na hakuruhusiwa kufungua mdomo. Alinishika mkono mpaka ukauma. Nje, mtoto wa marehemu alimkumbatia Mtani, wakalia wote wawili, na watu wakasema unaona, limekwisha vizuri. Mimi pia nilisema hivyo. Hakimu peke yake alitangulia kwenye gari, na njiani kurudi Carrollton nilimkasirikia, nikamwambia mambo mengine si ya sheria. Akajibu, "Ndiyo, binti."

Mwaka uliofuata mama yake Mtani aliugua, naye Mtani akaenda Dar kumwona. Aliporudi, kwenye kiwanja cha ndege cha Houston, ofisa alitazama kompyuta yake, akamwomba akae pembeni. Hakutoka tena kupitia mlango wa kawaida. Walimweka kwenye kituo cha kuzuilia wahamiaji nje ya mji.

Tulikwenda kumwona. Hakimu hakulala njiani ingawa safari ni ndefu. Tulifikia mtaa wa Gulfton, hapo Houston, kwa binamu yangu, kwenye fleti zilizobanana ambako ngazini unasikia Kihispania, Kiswahili cha Kongo na Kiarabu kwa pamoja, na asubuhi Hakimu alidai pasi ya umeme, akanyoosha tai kwenye meza ya kulia. Mtani aliletwa nyuma ya kioo na nguo zisizo zake. Hakimu akanyanyua simu ya ukutani.

"Mzaramo, umepata nyumba ya bure. Hii huwezi kuiuza."

Mtani alitabasamu kwa mdomo tu. Akauliza kama watoto wake wanakula vizuri. Akauliza tena. Dakika zikaisha.

Kwenye gari Hakimu alianza kusema tulipokuwa tumeshatoka Houston kabisa. "Nilikuwa nimekaa pale sebuleni nacheka," alisema. "Mtoto yuko jikoni, mlango umefungwa, mimi nacheka. Kila niliyekutana naye nimemfundisha wizi ni nini. Nimewafundisha vinyozi. Yule mtoto sikumfundisha utani ni nini, na ilikuwa kazi yangu. Nani mwingine angemfundisha?" Nilimwambia asijilaumu. Ni kitu cha kipuuzi kumwambia mtu aliyekuwa anajua sababu ya kujilaumu, lakini ndicho kilichonijia. Alilia bila sauti mpaka tulipoanza kuona taa za Dallas, na mimi nilizima redio.

Walimrudisha Mtani Dar. Mkewe alibaki na watoto, anafanya kazi mbili. Tangu hapo Hakimu hakunyoosha tena vidole vyake. Nilimchokoza kwa zabibu, kwa magari yaliyoachwa yanaunguruma, kwa jirani aliyeazima ngazi yetu akahama nayo. Aliniitikia kwa adabu. Pakiti za sukari aliacha kuzichukua, na hilo lilinitia huzuni kuliko yote, maana nilikuwa nimezoea kumkaripia.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mchana mmoja wa mwaka 2020, ametoka hospitali alikolazwa kwa ajili ya moyo. Binti yake alinikalisha kibarazani, Hakimu akiwa ndani ya mlango uliofunguliwa nusu, barakoa zetu zote usoni. Alikuwa amekonda. Aliniomba nimpigie Mtani kwa video, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kwenye kioo cha simu. Nikapiga. Mtani akatokea, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukuta wa buluu, ameota mvi. Nikamgeuzia Hakimu simu.

"Shikamoo, Hakimu," Mtani alisema.

Miaka yote sikuwahi kumsikia akimwamkia. Nilimwona Hakimu akishtuka, kisha akajikaza, akavuta pumzi kutafuta ile sauti yao ya zamani.

"Shikamoo ya nini, Mzaramo? Nakufa mimi. Mpagazi wako anakufa. Sema utachukua nini. Koti? Nina tai za kutosha kuchezea ngoma mwezi mzima."

"Usiseme hivyo, mzee wangu. Mungu akupe afya."

"Nimekuuliza utachukua nini. Chukua mkongojo. Chukua saa hii, nimeinunua London. Nakupa ruhusa mbele ya shahidi, binti huyu hapa."

"Hapana, mzee. Sigusi kitu cha mtu mimi." Alikuwa ameshusha macho. "Kama niliwahi kukukosea kwa maneno, siku zile, unisamehe. Nilikuwa sijui mipaka."

Hakimu alinirudishia simu bila kuaga. Nikamuaga Mtani mimi, nikasema mtandao ni mbaya. Nilipoinua macho, mzee alikuwa ameteremsha barakoa, anapumua kwa shida, machozi yanamtiririka mashavuni, na mkono umeshika ukingo wa mlango.

"Ananiogopa," alisema. "Umesikia, binti? Mtani wangu ananiogopa."